Mstari Uliotulia Mno

Wanangu mnaoanza kulehemu, nawaandikia kabla mikono haijanikatalia kabisa, na sikuja kujisifu. Nimefanya kazi ya umeme mdogo miaka mingi, redio, simu za upepo, vikuza sauti vya makanisa, vifaa vya boti, na mengi niliyaacha yakiwa mazima kuliko nilivyoyakuta. Lakini siku hizi nikikaa kibarazani hapa Muleba, nina swali moja tu: yule mvuvi wa kisiwa cha Bumbire, Magesa, aliuawa na ziwa au aliuawa na kioo nilichokiunda kwa mikono yangu? Jibu ninalo. Nitawaambia nilivyolipata. Ila fundi hawezi kueleza kitu kilivyoharibika kabla hajaeleza kilivyokuwa kikifanya kazi, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Kazi niliianzia Bukoba mjini, kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri, si mbali na soko. Mwenye chumba alikuwa Josia. Tulimwita Ta Josia, kama tunavyowaita huku kwetu watu wa umri wa baba. Jumapili alikuwa Mlutheri wa kiti cha mbele, na Jumatatu asubuhi alikuwa akiitukana transfoma kwa Kihaya mpaka wapita njia wanasimama kusikiliza. Alinichukua kwa sababu kijana wa kiume aliyemtarajia hakutokea, na aliniambia hivyo hivyo bila kuzunguka. Wateja wakiingia waliniuliza mimi, nikiwa nimeshika redio yao imefunguliwa tumbo, "Binti, fundi yuko wapi?" Ta Josia alikuwa akijibu kutoka kwenye kigoda chake, "Fundi ni huyo. Mimi ni mzee tu ninayetafuna kahawa." Na kweli alikuwa akitafuna. Kikapu chake kidogo cha akamwani, zile buni zetu za kuchemshwa na kukaushwa, hakikukauka mezani, na aliyeleta kifaa kibovu alipewa kwanza punje mbili tatu ndipo aulizwe shida.

Katikati ya meza ile kulikuwa na osiloskopu. Ninyi mnaijua kwa picha, lakini hebu niieleze kwa asiyeijua. Mita hukwambia umeme ni kiasi gani. Osiloskopu hukuchorea umeme unavyotembea, unavyopanda, unavyoshuka na unavyojikwaa. Ile ya Ta Josia ilikuwa nzito kama mtungi wa maji uliojaa, na mbele yake palikuwa na duara la kioo cha kijani lenye miraba. Nyuma ya kioo kile kulikuwa na tyubu ndefu, jamaa ya tyubu za televisheni za zamani, na ndani yake mwanga mdogo ulikimbia na kuacha mstari. Mara ya kwanza kuuona mstari ule nilitaka kupiga magoti. Nilikuwa nimesoma umeme kwa vitabu na sikuwahi kufikiria kwamba unaonekana.

Ta Josia alikuwa na namna yake ya kuutazama, na hii naomba muishike kuliko yote nitakayosema. Hakuukodolea macho. Aligeuza uso kidogo, akatazama mlangoni au ukutani, na mstari akauacha kwenye kona ya jicho huku akitafuna. Mimi nilidhani anadharau kazi. Siku moja nilikuwa nimetazama mstari wa redio ya polisi wa majini karibu saa nzima, sikuona kitu. Yeye alikuwa anaangalia mbuzi nje.

"Koku, umeruka," akasema.

"Nini kimeruka, Ta?"

"Mstari. Umeruka tena. Mwana wange, tazama pembeni. Jicho la katikati linapenda kizuri. La pembeni linaona kinachoshtuka."

Nikageuza uso, nikatazama mbuzi. Kweli, baada ya muda kitu kikapepesa kwenye kona ya jicho, kama mtu aliyekonyeza. Tukaufuata ule mkonyezo mpaka tukakuta risasi ya kulehemu iliyopasuka chini ya kapasita. Tangu siku ile nilijua kwamba hitilafu mbaya kabisa huonekana mara moja moja, na inayoonekana mara moja moja ndiyo inayoua.

Msidhani nilikuwa mwanafunzi hodari. Niliambiwa mara tatu kwamba tyubu ile hushika umeme hata ikishazimwa, na mara ya nne nikaingiza mkono. Nilijikuta nimekaa sakafuni kama gunia la maharage, kiatu kimoja kikiwa mlangoni. Ta Josia hakunigombeza. Aliniletea punje za kahawa, akasubiri nitafune, kisha akasema, "Sasa mmefahamiana." Mkono uliuma wiki nzima.

Kicheko nacho kilikuwepo. Msimu mmoja wa senene mkulima wa Maruku alileta redio yake kubwa, analalamika kwamba inanguruma na pia inanukia. Aliiacha dirishani karibu na taa, senene wakaingia kwa matundu ya nyuma, wakapita juu ya transfoma na kukaangika wote. Nilipoifungua karakana nzima ilinukia jikoni kwa mama. Nilizisafisha nyaya, redio ikaimba. Yule mkulima akasimama, hatoki. "Imepona, mzee," nikamwambia. Akasema, "Naona. Nasubiri senene wangu." Ta Josia alicheka hadi akakohoa kahawa.

Nawasimulia haya kwa sababu nikifika mbele hamtacheka.

Ta Josia alipofariki tulimzika kibanjani kwake, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe, na wanawe wakaniita pembeni. Walikuwa wameifunga osiloskopu kwa blanketi. "Mzee alisema hii ni ya Koku." Niliibeba kwenye basi mapajani kutoka Bukoba hadi Muleba, kondakta akinisihi niiweke chini, nikakataa. Nilikuwa nimestaafu tayari. Nikaiweka kwenye chumba cha nyuma ya nyumba, na watu wa mialoni, huko boti za wavuvi zinakotia nanga, wakaendelea kunifuata na vifaa vyao, maana mafundi wa siku hizi wengi hubadilisha bodi nzima, na bodi ya boti ya kisiwani hupatikana kwa shida.

Mwaka juzi tyubu ikaanza kufa. Mstari ulififia, ukawa wa kuutafuta kwa kufunika dirisha kwa kanga, kisha siku moja nikawasha na haukuja. Nilitafuta tyubu nyingine Mwanza, nikaulizia Dar, nikaulizia Kampala. Mafundi wengine walinicheka kwenye simu. Mmoja aliniambia, kwa upole, ninunue mpya ya kichina nisahau. Sikutaka mpya. Huzuni inamfanya mtu mkaidi, nami nilikuwa na huzuni ambayo sikuwa nimeimaliza.

Basi nikaamua kuipa kioo cha LCD, bapa kama cha simu. Nilijifunza kwa video za simu, nikirudisha nyuma, nikiandika kwenye daftari. Wazo lenyewe si gumu. Sehemu za mbele za ile mashine zilikuwa nzima, zinapokea ishara na kuikuza; kilichokufa ni kichoraji tu. Nikaidaka ishara kabla haijafika kwenye tyubu, nikaipunguza nguvu kwa rezista, nikaipeleka kwenye bodi ndogo yenye ubongo wa kompyuta. Bodi inahesabu, inachora kwenye kioo. Tyubu niliitoa baada ya kuimaliza umeme wake kwa waya, mara mbili, maana tulishafahamiana. Mabano ya kushikilia kioo kipya niliyakata kutoka debe la mafuta ya kupikia. Na mbele nikarudisha lile duara la kijani lenye miraba. Kwa nje usingejua kwamba ndani kuna kitu kipya.

Mstari ulikuja siku ya tatu ya kujaribu. Nililia. Lakini ulikuwa unatetemeka. Ulikuwa na vinywele na vidoti, ukaonekana mchafu, na mtu aliyekuja kuutazama aliuliza, "Ndivyo ulivyokuwa?" Swali lile liliniuma. Wa Ta Josia ulikuwa mwembamba na laini. Basi nikafanya jambo ambalo video ile iliniambia ni la kawaida: nikaiamuru bodi isome mara kumi na sita, ichukue wastani, ndipo ichore mara moja. Mtetemo ukapotea. Mstari ukatulia, mwembamba, wa kijani, mzuri kama siku ya kwanza nilipouona. Watu waliupiga picha. Mwalimu wa fizikia alileta darasa zima. Nilikuwa na fahari, sitaficha. Nilivaa kitenge kipya siku ile ya wanafunzi.

Fikirini sasa, ninyi wenye akili changa. Kitu kikiruka mara moja katika kumi na sita, wastani wake utaonyesha nini? Mstari utashuka unene wa unywele, basi. Mkonyezo wote ambao Ta Josia alinifundisha kuudaka kwa kona ya jicho, mimi niliuzika kwa amri moja, kwa sababu haukupendeza.

Magesa alikuja mwezi wa tano. Kwao ni Ukerewe, lakini alikuwa amekaa Bumbire miaka mingi, anavua na kuvusha dagaa. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili mwenye sauti ndogo. Aliniletea boksi la cheche la injini yake ya boti, lile ambalo mafundi wa pikipiki hulijua kwa jina la CDI. Ndilo linaloamuru plagi iwake.

"Mama Fundi, shikamoo. Hii mashine inanikatia njiani. Ikipoa inawaka. Ikipata moto, inakata."

"Marahaba. Nyaya umeangalia? Mafuta?"

"Vyote. Fundi wa mwaloni kasema ni boksi. Mwingine kasema siyo. Nimekuja kwako, watu wanasema una mashine inayoona umeme."

Nilikuwa na kipimo changu cha kazi hiyo: mota ya cherehani inazungusha sumaku, boksi linadhani liko kwenye injini, linatoa cheche kwenye plagi iliyofungwa mezani. Nikalipasha moto kwa draya niliyoazima saluni ya jirani. Plagi inapiga, ta-ta-ta-ta. Mstari kwenye kioo changu umesimama wima, mzuri, unajirudia bila kosa.

Kisha sauti ikajikwaa. Niliisikia. Ta-ta, nafasi, ta-ta.

Magesa naye aliisikia. Aliinama akasema taratibu, "Mama Fundi, hapo imeruka."

Na mimi, mwanafunzi wa Ta Josia, mwanamke niliyefundishwa kutazama mbuzi, nikanyoosha kidole kwenye kioo. "Hapana. Angalia hapa. Ingeruka, mstari ungeonyesha. Ni plagi yangu hii, imezeeka kama mimi." Akacheka. Akautazama mstari kwa muda mrefu, kwa heshima, kama mtu anayetazama jambo la wasomi. Akasema, "Basi wewe ndiye unayejua." Nikampa boksi lake. Nilimwambia ni zima, aangalie tena pampu ya mafuta.

Alikwenda na neno langu. Angeweza kukaa nchi kavu wiki moja akitafuta boksi jingine. Alikuwa ameshaamua kufanya hivyo, mkewe aliniambia baadaye. Ni mimi niliyemwondolea wasiwasi.

Habari ilifika hapa baada ya wiki mbili, kwa watu wa samaki. Injini ilikata Magesa akirudi Bumbire, upepo ukiwa umeamka. Mtumbwi ulikaa ubavu kwa mawimbi, ukapinduka. Wawili waliokuwa naye walishika dumu la mafuta mpaka wakaokotwa. Yeye walimpata siku ya pili. Mtumbwi ulivutwa hadi mwaloni na injini ikiwa bado imeng'ang'ania nyuma yake.

Nilijiambia injini hukata kwa sababu mia. Nilijiambia pampu. Nilikaa na pampu ile kichwani wiki kadhaa.

Baada ya arobaini mkewe akaja. Anaitwa Nyangeta, mwembamba, alikuwa amevaa sweta la marehemu. Nilipomwona mlangoni niliamini amekuja kunishtaki, na nawaambia kweli, nilipata nafuu. Lakini alisalimia kwa adabu, akala punje za kahawa nilizompa, akatoa kitu kwenye kikapu. Boksi lile lile.

"Shemeji yangu anataka kurudi kazini na mashine ile," akasema. "Watoto wanakula kwa mashine ile. Nikamwambia tusiifunge kabla Mama Fundi hajaliangalia boksi, maana lilizama. Wewe ulisema ni zima, marehemu aliniambia. Sasa sijui kama maji yameliharibu."

Nikamwomba aende sokoni, arudi baada ya saa mbili. Sikutaka anione.

Nilikaa mbele ya osiloskopu. Nikafungua daftari langu la amri, nikaunganisha simu kwenye bodi, nikaifuta ile amri ya wastani. Mstari ukarudi na uchafu wake wote, vinywele, vidoti, unatetemeka. Nikawasha mota ya cherehani, nikaelekeza draya. Kisha nikageuza uso nikatazama mlango. Nje kulikuwa na migomba tu. Sikusubiri hata dakika tano. Kwenye kona ya jicho mstari ulipepesa. Ukapepesa tena. Boksi lilikuwa linaruka, na kadiri lilivyopata moto ndivyo lilivyoruka zaidi, mpaka likakata kabisa, kimya, mota ikizunguka bure.

Sasa sikilizeni, maana mtakutana nayo. Boksi la aina ile limemiminiwa gundi ngumu ndani. Ukilivunja unakuta jiwe jeusi. Maji hayaingii. Laweza kulala ziwani mwezi mzima, ukalifuta kwa tambara, likafanya kazi vile vile lilivyokuwa likifanya kabla. Kila fundi wa boti anajua hilo. Ubovu niliouona siku ile ulikuwemo humo tangu siku aliponiletea Magesa kwa mikono yake.

Nyangeta alirudi na mfuko wa chumvi. Akasimama mlangoni, akaona uso wangu, akasema yeye mwenyewe, "Limekufa, eti? Maji yameliua."

Nikasema, "Ndiyo. Ni maji."

Maneno matatu. Nilikuwa nimeandaa mengine, yalikuwa mdomoni. Yeye alikuwa ameshanipa jibu rahisi, nami nikalipokea. Nikamwambia wasilifunge tena, watafute jingine, na nikampa moja zima kutoka kwenye vipuri vyangu. Nililipima mbele yake, mstari ukitetemeka. Alinishika mikono miwili. "Waitu, Mungu akulinde," akasema, akitanguliza neno letu la heshima kwa Kihaya cha kujifunza ukubwani. Nilimsindikiza hadi barabarani, bodaboda akambeba.

Tangu hapo nimejaribu. Nilikwenda kwa mchungaji kumweleza, nikakaa ofisini kwake, akaniuliza habari za afya, nikajikuta namuuliza kwa nini spika za kanisa zinapiga mluzi. Nilimaliza alasiri yote ndani ya kikuza sauti chao. Nilifika hadi mwaloni mara mbili nipande boti ya Bumbire. Mara ya kwanza nilisema ziwa limechafuka. Mara ya pili ziwa lilikuwa shwari, nikarudi nyumbani bila hata sababu.

Wastani sijaurudisha. Wanafunzi wakija sasa wananiuliza mbona mstari unatetemeka, nami nawaambia wageuze uso watazame nje. Wanadhani bibi amechoka akili. Ninyi mkiunda vyenu, na mtaunda, maana tyubu zimekwisha duniani, acheni uchafu wote uonekane. Mteja akikwambia imeruka, zima draya, keti, sikiliza. Msimwonyeshe kioo mtu mwenye masikio.

Lakini haya ni mafunzo ya kazi, na hayanisaidii mimi. Nyangeta hunipigia simu kila sikukuu. Mwezi uliopita alimtuma shemeji yake aniletee sangara mkubwa aliyekaushwa, amefungwa kwa jani la mgomba. Ujumbe ulikuwa mfupi: boksi halijakata hata mara moja, na Mama Fundi ndiye mtu aliyewaambia ukweli.

Nilimlowesha yule sangara, nikampika na ndizi. Nikala.